Emeryville: Mji Uliosubiriwa Miaka Kumi

Upande wa mashariki wa ghuba ya San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, pale daraja refu linapotua nchi kavu na barabara kuu kadha kupishana juu kwa juu kama kili za mkeka, kuna mji mdogo uitwao Emeryville. Msafiri asiyeambiwa huupita bila kujua kwamba ameupita. Kaskazini yake ni Berkeley, mji wa chuo kikuu. Kusini na mashariki yake ni Oakland, mji wa bandari. Nao wenyewe umebanwa katikati, na eneo lake la nchi kavu halifiki hata kilomita nne za mraba. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta wakazi wasiofika 13,000. Kata nyingi za Dar es Salaam zinaushinda kwa watu.

Hata hivyo, ndugu msomaji, katika mji huo mdogo ndimo ilimokuwa nyumba ya kazi iliyotengeneza mchezo wa kompyuta uliosubiriwa na wapenzi wake kwa miaka kumi, na ndimo matumaini hayo yalimovunjikia mwezi Machi mwaka 2013. Mchezo huo unaitwa SimCity, na kazi ya mchezaji ni kujenga mji. Makala haya yanafuata nyayo zake, kutoka vilima vya Orinda, hadi ufuko wa Emeryville ulikoteleza, na hatimaye hadi Finland, ambako wengine waliokota kilichodondoka. Nia yake si kuombolezea kitu cha kuchezea. Nia ni kuuliza swali ambalo kila aliyewahi kurudi mahali alipopapenda akapakuta pageni amejiuliza: tunapopenda mahali, hasa tunapenda nini?

MCHEZO ULIOZALIWA NYUMA YA VILIMA

Ili kuelewa kilichopotea Emeryville, hatuna budi kuanza upande wa pili wa vilima. Msafiri akitoka ufukoni kuelekea mashariki huivuka Oakland, akapanda polepole mpaka kwenye handaki la Caldecott, lililofunguliwa mwaka 1937 kuupenya mlima. Wakati wa kiangazi huingia humo akiwa ameacha nyuma yake ukungu na ubaridi wa ghuba, akatokea upande wa pili penye jua kali, nyasi zilizokauka rangi ya dhahabu, na mialoni iliyotawanyika mabondeni. Hapo ndipo Orinda, mji mtulivu wa makazi, wenye jumba la sinema lililofunguliwa mwaka 1941. Jirani na jumba hilo, katika ofisi za kawaida tu, kampuni changa iitwayo Maxis ilifanya kazi zake katika miaka yake ya awali. Waanzilishi wake, mwaka 1987, walikuwa wawili: Will Wright na Jeff Braun.

Wright alikwisha kutengeneza mchezo mmoja uliotoka mwaka 1984, ambamo mchezaji huendesha helikopta na kulipua viwanda vilivyo visiwani. Alipokuwa akivichora visiwa hivyo, barabara zake na majengo yake, aligundua kwamba kuvijenga kunampendeza kuliko kuviteketeza. Akaanza kusoma vitabu vya mipango ya miji, na hasa kazi ya Jay Forrester, profesa wa chuo cha MIT, ambaye mwaka 1969 alichapisha kitabu kilichojaribu kuueleza mji kwa hesabu: jinsi nyumba, ajira na kodi vinavyovutana, kimoja kikipanda kingine kikashuka. Wright akazigeuza hesabu hizo kuwa mchezo.

Wachapishaji wa mwanzo walisita, na kusita kwao kunaeleweka. Walizoea michezo yenye mshindi na mshindwa. Huu haukuwa na lolote kati ya hayo. Mchezaji anapewa ardhi tupu, yenye mto labda na miti kidogo, na fedha kiasi. Yeye ndiye meya. Anatenga mahali pa makazi, pa biashara na pa viwanda, anaweka mtambo wa umeme, anatandaza barabara, anakusanya kodi. Kisha anangoja. Nyumba huanza kuota zenyewe, magari hutokea barabarani, na baada ya muda wananchi huanza kulalamika: kodi imezidi, moshi wa kiwanda unawafika, polisi hawatoshi. Mchezo hauna mwisho. Unaisha mchezaji anapoamua kulala.

SimCity ilitoka mwaka 1989 na ikapendwa kupita matarajio ya waliouza. Ndani yake mlikuwa pia na miji iliyokwisha kujengwa, kila mmoja na balaa lake: Hamburg ya mwaka 1944 chini ya mabomu, Bern ya mwaka 1965 iliyosongwa na magari, Detroit ya mwaka 1972 yenye uhalifu, na San Francisco ya mwaka 1906, iliyopigwa na tetemeko na kuungua kwa moto. Mtoto aliyekaa mbele ya kioo cha kompyuta aliambiwa, kwa maneno mengine: haya yaliwakuta watu kweli, wewe ungefanyaje?

Wala mahali penyewe hapakukaa mbali na mchezo. Tarehe 17 Oktoba mwaka huohuo wa 1989, tetemeko la nchi lilipiga eneo la ghuba, na kipande cha daraja liunganishalo San Francisco na Oakland kikaanguka. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1991, moto ukavishika vilima vilivyo kati ya Oakland na Orinda. Watu 25 walikufa na makazi karibu 3,000 yakateketea. Nyumba ya Will Wright ilikuwamo. Toleo la pili, SimCity 2000 la mwaka 1993, liliuweka moto huo wa Oakland miongoni mwa mitihani ya mchezaji. Na Wright mwenyewe, alipolazimika kufikiri upya ni vitu gani mtu anavihitaji ili nyumba iwe nyumba, akapata wazo la mchezo mwingine, The Sims, uliotoka mwaka 2000 na kuenea ulimwenguni.

Ndiyo maana wapenzi wa SimCity hawakuuona kuwa mchezo tu. Kwa mwaka 1993, kwa mwaka 1999, na tena kwa Januari 2003 lilipotoka toleo la nne, kila mara waliongezewa ardhi, mabomba ya maji, shule, na mambo ya kufikiri. Katika SimCity 4 mji mmoja mkubwa ulikuwa na kilomita nne kwa nne, na miji ya namna hiyo iliweza kuwekwa ubavuni kwa ubavuni mpaka ikafanya mkoa mzima. Watu walijenga mikoa yao kwa miaka. Walitengeneza majengo ya kwao, wakabadilishana, wakarekebisha palipokuwa na kasoro. Wako wataalamu wa mipango miji ambao husema waziwazi kwamba kazi yao waliianza kuipenda katika mchezo huu, wakiwa bado watoto.

Kitendo kimoja zaidi kistahili kukumbukwa. Ulipokaribia mwaka 2008, kampuni ya Electronic Arts, iliyokuwa imeinunua Maxis mwaka 1997, ilikubali SimCity ile ya kwanza itolewe bure kwa ajili ya kompyuta ndogo za watoto wa shule, zilizokuwa zikigawiwa katika nchi kadha. Rwanda ilikuwa mojawapo ya nchi zilizopokea kompyuta hizo kwa wingi. Maandishi ya ndani ya mchezo nayo yakafunguliwa, ili mwenye kutaka kujifunza jinsi ulivyoundwa ajifunze. Huo ndio ulikuwa moyo wa mchezo katika ubora wake: hiki hapa, kichukue, kakijengee kwako.

MAKOMBE, CHUMA NA SINEMA

Sasa turudi ufukoni. Emeryville ilipata hadhi ya mji mwaka 1896, ikachukua jina la Joseph Emery, lakini watu walikuwapo hapo maelfu ya miaka kabla yake. Wenyeji wa asili, Ohlone, walikaa pembeni mwa kijito kinachoingia ghubani, wakala chaza na kome, wakazika wafu wao mahali palepale, na makombe waliyoyatupa yakapanda kizazi baada ya kizazi hata yakawa kilima. Katika karne ya kumi na tisa walowezi waliweka uwanja wa starehe juu ya kilima hicho, na ukumbi wa dansi kileleni. Mwaka 1924 kilima kikabomolewa kupisha kiwanda, na mamia ya makaburi yakafukuliwa. Leo pamesimama eneo la maduka lililofunguliwa mwaka 2002, na barabara ipitayo hapo inaitwa Shellmound, yaani kilima cha makombe. Jina limebaki, kilima hakipo.

Baada ya makombe vikaja viwanda: vya chuma, vya rangi, vya kusindika matunda. Viwanda vilipokufa, watu wa michoro na kompyuta wakayachukua maeneo yao. Kampuni ya sinema za katuni ya Pixar ilihamia hapo mwaka 2000, mahali palipokuwa kiwanda cha matunda ya makopo. Garimoshi liitwalo California Zephyr, litokalo Chicago likivuka milima na majangwa, mwisho wa safari yake ni stesheni ya Emeryville. Abiria wa San Francisco hushuka hapo wakapanda basi kuvuka daraja.

Mtu aliyewahi kucheza SimCity akisimama katika stesheni hiyo ataona kitu anachokifahamu. Eneo la viwanda limegeuzwa la biashara. Biashara imevuta nyumba za ghorofa. Nyumba zimevuta magari. Magari yamejaza barabara. Mji huu wote mdogo ni kama ukurasa mmoja wa mchezo wenyewe. Hapa ndipo Maxis, baada ya kutoka Orinda na kukaa kwa muda Walnut Creek, ilipokuwa na studio yake wakati wa kuandaa toleo jipya. Wright hakuwapo tena; alikwisha ondoka mwaka 2009. Waliobaki walilipa toleo hilo jina lilelile la kwanza, SimCity, bila namba, kama mtu anayetangaza kwamba anaanza ukoo upya.

MACHI 2013

Picha zilizotangulia zilikuwa nzuri kweli. Mji ulionekana kama kitu kidogo cha thamani kilichowekwa mezani. Barabara ziliweza kupinda kama upendavyo mkono. Shule na vituo vya zimamoto viliweza kuongezwa chumba baada ya chumba. Na ukitaka kujua maji yanatoka wapi na taka zinakwenda wapi, mji ulijionyesha wenyewe kwa rangi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Watu walinunua mapema, wengine miezi kabla, na zaidi ya nakala milioni moja zilikwenda katika majuma mawili ya mwanzo.

Kulikuwa na sharti moja. Mchezo haukuweza kuchezwa bila kuunganishwa na mitambo ya kampuni kwa njia ya intaneti. Hata aliyetaka kujenga peke yake, chumbani mwake, asimsumbue mtu wala asisumbuliwe, alipaswa kwanza kubisha hodi mbali na kufunguliwa. Na mji alioujenga haukuhifadhiwa katika kompyuta yake, bali huko huko kwenye mitambo.

Mchezo ulitoka Marekani tarehe 5 Machi 2013. Hodi zikawa nyingi kuliko wafunguaji. Watu waliokuwa wamelipa fedha zao walikaa kwenye foleni mbele ya kioo, wakihesabu dakika ishirini, na dakika zikiisha wakaambiwa wahesabu tena. Wengine waliingia, wakajenga, wakatoka, na waliporudi wakakuta mji haupo. Ili kupunguza mzigo kampuni ikazima baadhi ya mambo, ikiwa ni pamoja na mwendo wa kasi kuliko yote, ambao ndani ya mchezo hupewa jina la duma. Kwa hiyo hata waliofanikiwa kuingia walitembea wakati walistahili kukimbia. Duka la Amazon likasimamisha kwa muda uuzaji wa nakala za kupakua. Hatimaye kampuni ikakiri kwamba haikujiandaa ipasavyo, ikaongeza mitambo, na ikawapa wanunuzi wa mwanzo mchezo mwingine bure kama kifuta jasho.

Lau mambo yangekomea hapo, watu wangesahau. Msongamano mlangoni ni jambo la siku chache. Uchungu wa kweli uliwangoja waliokwisha kuingia ndani.

Kwanza waliuona mpaka. Mji mzima ulikuwa na kilomita mbili kwa mbili, yaani kilomita nne za mraba na basi. Robo tu ya mji mkubwa wa toleo la miaka kumi nyuma. Baada ya saa chache kiwanja kilijaa. Nje ya mstari kulikuwa na nyika nzuri ya kijani, yenye vilima na mito, inayoonekana wazi na isiyogusika. Meya aliyetaka kupanua mji alikuwa na njia moja: kubomoa alichojenga. Wenye mchezo walieleza kwamba miji ilikusudiwa kushirikiana, huu ukauza umeme, ule ukatoa wafanyakazi. Lakini kati ya mji na mji palikuwa na pori tupu lisilojengeka, na ushirika wenyewe ulikwama kila mara. Ukipima vema utaona jambo la kustaajabisha: kiwanja walichowapa watu kilikuwa karibu sawa na Emeryville yenyewe. Lakini Emeryville ina Oakland ubavuni, ina Berkeley, ina daraja na garimoshi. Mtu hutoka asubuhi akarudi jioni. Udogo wake unavumilika kwa sababu haukuzungushiwa ukuta.

Pili, wakawaona wananchi. Toleo hili lilijivunia kwamba kila mtu aonekanaye barabarani ni mtu kweli, mwenye safari yake, si picha ya kupamba. Wachezaji wakaanza kuwafuata. Wakagundua kwamba mtu huyo akitoka nyumbani asubuhi huenda kwenye kazi yoyote iliyo wazi anayoifikia, na jioni huingia nyumba yoyote iliyo tupu anayoifikia. Kesho yake ni hivyo hivyo, kazi nyingine, nyumba nyingine. Hana kwake. Hana mlango anaoujua. Ndiyo maana magari mia yalikimbilia barabara moja, yakafuatana hadi nafasi zilipojaa, kisha yakageuka yote pamoja kutafuta pengine. Ikabainika pia kwamba idadi ya watu iliyoandikwa chini ya kioo ilitiwa chumvi: mji ulijihesabia watu wengi kuliko waliokuwamo.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Mtu ambaye nyumba yake iliungua mlimani alikaa akajiuliza vitu gani huifanya nyumba kuwa nyumba, na swali hilo likaijenga kampuni. Miaka ishirini na zaidi baadaye, kampuni hiyohiyo ikajenga mji ambao hakuna hata mkazi mmoja mwenye nyumba yake. Hakuna aliyekusudia hivyo. Yalikuwa matokeo ya hesabu zilizorahisishwa ili mitambo izimudu. Lakini mchezaji wa zamani aliliona mara moja, pengine hata kabla hajapata maneno ya kulieleza: mji ulikuwa mzuri, nao haukuwa na wenyeji.

Tatu ni suala la mlango. Kampuni ilikuwa imeeleza kwamba kazi kubwa ya mchezo hufanyika katika mitambo yake, na kwamba kuutenganisha nayo kungedai kazi nyingi mno. Siku chache tu baada ya kutoka, mchezaji mmoja mwenye ujuzi akaonyesha kwamba mji unaweza kuendelea bila muungano wowote, ingawa kwa njia hiyo haukuhifadhiwa. Mwaka mmoja ukapita, na Machi 2014 kampuni yenyewe ikatoa marekebisho yaliyomruhusu mtu kucheza peke yake pasipo intaneti. Kwa wengi ilikuwa kama samahani iletwayo matanga yakiwa yameanuliwa.

BAO NI LA NANI?

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu wa kulipima jambo hili. Mtu akinunua bao zuri la mninga, na kete zake za komwe, analiweka barazani kwake. Jioni jirani akija watacheza. Asipokuja atajifunza peke yake. Mvua ikinyesha ataliingiza ndani. Fundi aliyelichonga anaweza kufa, na bao likaendelea kuchezwa na wajukuu. Sasa mtu huyo aambiwe: bao umelinunua, ni lako, lakini litakaa kwa fundi, ukitaka kucheza njoo, ukikuta foleni ngoja, na siku fundi akihama tutaona. Je, hilo bado ni bao lake?

Na kwa wanaokaa mahali ambapo intaneti huja na kuondoka kama umeme wa mgao, sharti la aina hiyo halikuwa usumbufu wa juma moja. Lilikuwa mlango uliofungwa tangu mwanzo. Mchezo ambao miaka mitano nyuma ulipelekwa bure katika kompyuta za watoto wa shule za mbali, sasa ulidai kwanza waya wa kuaminika.

Haki inadai tuseme pia yaliyo mema. Walioufanya mchezo ule walikuwa mafundi hodari, na muziki wake, mwonekano wake na baadhi ya mawazo yake vinasifiwa hadi leo. Ni wazi pia kwamba mapenzi ya mtu kwa kitu cha utoto humfanya awe mkali kupita kiasi. Hakuna toleo lingeweza kumrudishia mtu mzima majira aliyokuwa na miaka kumi. Lakini wachezaji hawakulalamika kwamba mji si ule wa zamani. Walilalamika kwamba wamepewa nafasi ndogo, watu wasio na kwao, na ufunguo usiokaa mkononi mwao. Hayo si manung'uniko ya wazee. Hayo ni malalamiko ya wakazi.

WALIOOKOTA KILICHODONDOKA

Malalamiko hayo yalisikika mbali, na hapa ndipo safari yetu inapohamia Finland. Mji wa Tampere umekaa kwenye kipande chembamba cha nchi kati ya maziwa mawili, Näsijärvi na Pyhäjärvi, na maji ya ziwa la juu huteremka kuingia la chini kwa mporomoko upitao katikati ya mji. Mwaka 1820 Mskoti aitwaye James Finlayson aliutumia mporomoko huo kuanzisha viwanda, ambavyo baadaye vilikuwa vya pamba, na mji ukakua kandokando ya majengo ya matofali mekundu ambayo mpaka leo yamesimama, ingawa sasa yana ofisi na migahawa. Kama Emeryville, ni mji uliotoka kwenye viwanda ukaingia kwenye kompyuta.

Hapo kulikuwa na kampuni ndogo, Colossal Order, ya watu kama kumi na watatu, iliyokuwa ikitengeneza michezo ya mabasi na treni za mijini. Kwa muda mrefu walitamani kujenga mji mzima, lakini wachapishaji wao wa Stockholm waliogopa kivuli cha SimCity. Yalipotokea ya Machi 2013, woga ukaisha. Tarehe 10 Machi 2015 wakatoa mchezo wao, Cities: Skylines. Haukuhitaji kuunganishwa na mitambo ya mtu. Uliruhusu viwanja tisa, na kila kimoja kilikaribia ukubwa wa mji mzima wa SimCity mpya. Kila mkazi alikuwa na jina, na nyumba, na mahali pa kazi pa kudumu. Katika mwezi mmoja ziliuzwa nakala milioni moja.

Siku sita kabla yake, tarehe 4 Machi 2015, Electronic Arts ilitangaza kuifunga studio ya Emeryville. Jina la Maxis liliendelea kutumika kwingine, na SimCity ya kwenye simu za mkononi, iliyotengenezwa Helsinki, iko hadi leo. Lakini tangu lile la mwaka 2013, hakuna toleo jingine kubwa la kompyuta lililotoka.

Msomaji asidhani kwamba hadithi hii ni ya wabaya wa California na wema wa Finland. Tarehe 24 Oktoba 2023 watu wa Tampere nao walitoa toleo lao la pili, Cities: Skylines II, lililosubiriwa kwa hamu ileile. Kompyuta zenye nguvu zilihema kuliendesha, na kampuni yenyewe ilikwisha onya kabla ya siku kwamba haijafikia kiwango ilichokusudia. Aprili 2024 waliomba radhi hadharani na kuwarudishia watu fedha za nyongeza moja waliyoiuza kabla mchezo wenyewe haujatengemaa. Aliyeokota cha mwenzake naye kilimponyoka. Kwa hiyo kosa si la nchi wala la kampuni moja. Ni jaribu linalomngoja kila mtu anayeshika kitu kipendwacho na wengi: kudhani kwamba jina ndilo lililopendwa, na kwamba maadamu jina liko mlangoni, ndani panaweza kuwekwa chochote.

Kuna neno hapa kwa wazazi. Mtoto anapohuzunika kwa sababu mji wake wa kwenye kioo umepotea, ni rahisi kumwambia kwamba ni mchezo tu. Lakini mtoto huyo alikwisha panga barabara, akahesabu kodi, akachagua wapi zahanati ikae ili wagonjwa wasiende mbali. Alifanya kazi, na kazi yake imepotezwa na mtu asiyemjua. Afadhali aulizwe mji ulikuwaje, na angependa safari nyingine auweke wapi ili ubaki wake. Na kabla ya kununuliwa kitu kingine cha namna hiyo, ni vizuri mzazi aulize swali ambalo halimo kwenye matangazo: ufunguo utakaa kwa nani?

Wapenzi wengi wa zamani walilijibu kwa vitendo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Walirudi SimCity 4, ile ya mwaka 2003, na mpaka sasa wako wanaoipanua, wanaoichongea majengo mapya na kuitengenezea barabara ambazo waliounda hawakuziwaza. Hakuna anayewafungulia mlango, na hakuna awezaye kuwafungia.

Daraja lililovunjika mwaka 1989, mwaka ilipozaliwa SimCity, lilipata upande mpya wa mashariki uliofunguliwa Septemba 2013, miezi sita baada ya SimCity ya Emeryville. Ujenzi wake ulichelewa kwa miaka, ukagharimu dola bilioni sita na ushei, na watu walinung'unika njia nzima. Lakini ulipokamilika ulifanya kazi ileile ya daraja la zamani: ulimchukua mtu kutoka kwake, ukampeleka aendako, ukamrudisha kwake. Mahali, pawe pa mawe au pa kioo, hupendwa kwa sababu hiyo. Tunapapenda kwa kuwa panatupa nafasi ya kujenga, na tukiondoka, tutakaporudi tutakuta tulichojenga.